Fomula za Excel nazo ni programu: mawazo matano ya kuboresha zana zake kabla pesa za kikundi hazijapotea

Leo naleta mada ya kompyuta lakini msikimbie, maana ndani yake kuna pesa. Nimekuwa nikisoma sana kuhusu lugha za programu zinazoitwa za kifanksheni, na jinsi wataalamu wanavyobishana namna ya kuboresha zana zake. Najua kuna mtu atauliza: "Wewe uko Hirbadaw huko Hanang, lugha za programu zinakuhusu nini?" Swali zuri mkuu. Soma mpaka chini utaona zinatuhusu wote, hata yule mtunza hazina wa kikundi ambaye hajawahi kujiita mtaalamu wa kompyuta.

LUGHA YA KIFANKSHENI NDO NINI?

Programu nyingi zinaandikwa kama maelekezo ya kusonga ugali. Bandika sufuria, mimina maji, subiri yachemke, weka unga, songa. Kila hatua inabadilisha kilichomo sufuriani. Ukiruka hatua moja au ukizipindua, umeharibu.

Lugha ya kifanksheni inaenda kivingine. Huandiki hatua, unaeleza jibu linatokana na nini. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga: mahindi yaleyale yanatoa unga uleule, leo na kesho. Haikumbuki ilisaga nini jana, na haiendi kugusa debe la jirani. Ukitaka kujua unga umetoka wapi unaangalia mahindi yaliyoingia, basi.

Unadhani ni mambo ya mbali? Fungua WhatsApp. Seva zake zilijengwa kwa Erlang, lugha ya kifanksheni iliyozaliwa kwenye kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 kwa mwezi, na wafanyakazi wake wote hawakufika hata 100. Lugha nyingine maarufu ya aina hii ni Haskell, iliyotoka mwaka 1990.

Sasa mmoja wa waliounda Haskell, Simon Peyton Jones, alifanya kazi miaka mingi kwenye utafiti wa Microsoft pale Cambridge, Uingereza. Yeye ndo amekuwa akisisitiza jambo ambalo wengi hawalifikirii: lugha ya kifanksheni inayotumiwa na watu wengi kuliko zote duniani ni fomula za Excel. Fikiria kidogo utaona ana hoja. Ukiandika =B2*5000 kwenye seli, huielekezi kompyuta hatua kwa hatua. Unasema jibu hili linatokana na B2. B2 ikibadilika, jibu linabadilika lenyewe. Hiyo ni mashine ya kusaga ileile.

Kwa hiyo yule dada wa stesheneri anayekutengenezea orodha ya michango anaandika programu. Mwalimu anayepanga matokeo anaandika programu. Katibu wa kikundi cha hisa naye vilevile. Tofauti ni kwamba mwandishi wa Haskell ana zana kibao za kumwonyesha kosa, kumwonyesha ndani ya hesabu na kupima kama jibu ni sahihi. Katibu wetu ana kialama cha #REF! tu, basi ajue mwenyewe.

TUCHUKUE MFANO WA KIKUNDI

Huku kwetu vikundi vya kuweka na kukopa viko vingi. Watu wanauza mbaazi, mahindi, mbuzi mnadani, wananunua hisa kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu tofauti. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa kisheria na vinatakiwa kusajiliwa, na siku hizi hesabu za vikundi vingine zinatoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta.

Tuseme kikundi kina watu 25. Kolamu A majina, kolamu B hisa za kila mtu, kolamu C gawio la faida. Seli E1 ina jumla ya hisa zote: =SUM(B2:B26). Seli E2 ina faida ya mwaka mzima, shilingi 1,500,000. Gawio la mtu wa kwanza ni =B2/$E$1*$E$2, halafu unaiburuta mpaka chini. Hisa za kikundi ni 500, kwa hiyo kila hisa inapata shilingi 3,000. Saafi kabisa.

Katikati ya mwaka wanaingia wanachama wawili wapya. Katibu anaandika majina yao mstari wa 27 na wa 28, kila mmoja ana hisa 50, anaburuta fomula ya gawio, kila kitu kinaonekana safi. Lakini E1 bado inajumlisha mpaka B26 tu! Hisa za kweli sasa ni 600 na kila hisa ilitakiwa kupata 2,500. Excel inaendelea kusema 3,000. Zidisha mara 600 upate 1,800,000. Faida iliyopo sandukuni ni 1,500,000.

Zimepungua shilingi 300,000. Siku ya kuvunja kikundi watu wanaitwa mmoja mmoja, wanahesabiwa, wanasaini... na wa mwisho wanapofika hela haitoshi, hata akiba zao wenyewe haziko kamili. Excel haikuandika #REF! wala #VALUE! popote. Nani ataitwa mwizi? Katibu na mtunza hazina. Jamani, watu wanaweza kukosana ukoo mzima kwa namba mbili ndani ya mabano.

Na msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakalitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, Thomas Herndon, alipofungua Excel yao akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zimeachwa nje. Halikuwa tatizo pekee kwenye andiko lile, lakini hilo la Excel ni kosa lilelile la katibu wetu!

Uingereza nayo, mwaka 2020 wakati wa korona, wagonjwa 15,841 walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu faili la Excel la aina ya zamani halibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimyakimya, na kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kukachelewa.

Haya, mawazo yenyewe.

WAZO LA 1: UJUMBE WA KOSA USEME KAMA MTU

Kuna lugha ya kifanksheni inaitwa Elm, aliianzisha Evan Czaplicki mwaka 2012. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikosea inakuambia kama rafiki: umekosea hapa, nilitegemea namba ukanipa maneno, labda ulitaka kuandika hivi. Haskell, ambayo zamani ujumbe wake ulikuwa kama maandiko ya mganga, nayo imeanza kuweka namba kwenye makosa yake, na kuna ukurasa wa mtandaoni unaoeleza kosa kwa mifano ukitafuta namba yake.

Excel bado inasema #VALUE!, #REF!, #N/A. Wazo langu: ukigusa kosa, programu iseme kwa Kiswahili, "Fomula hii ilikuwa inasoma seli fulani, lakini mstari wake umefutwa." Inawezekana? Tayari tuna mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure. Watu walikaa chini wakatafuta maneno ya Kiswahili ya mambo ya kompyuta. Baadaye Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili. Njia ilishachimbwa.

Ila hapa nina msimamo wangu. Mjerumani akifungua Excel ya kwake anaandika WENN badala ya IF, Mfaransa anaandika SI. Faili halina shida, maana Excel yenyewe inageuza majina ukilifungua kwenye lugha nyingine. Shida iko kwenye kujifunza: unanakili fomula kutoka kwenye video, unaibandika, haifanyi kazi. Mimi naona majina kama SUM na IF yaachwe yalivyo, watu wameshayazoea. Kinachotakiwa kuja kwa Kiswahili ni MAELEZO, maana hapo ndo mtu anakwama.

WAZO LA 2: VITU VIWE NA MAJINA

$E$1 ni nini? Ukirudi baada ya miezi sita hata wewe mwenyewe hukumbuki. Waandishi wa programu hawakubali hivyo, kila kitu wanakipa jina. Na Excel inaruhusu tangu zamani, hata ya 2007 iliyoko stesheneri nyingi. Simama kwenye E1, nenda kwenye kile kisanduku kidogo upande wa kushoto juu kinachoonyesha "E1", futa, andika JUMLA_HISA, bonyeza Enter. E2 iite FAIDA. Sasa fomula inasomeka =B2/JUMLA_HISA*FAIDA. Hata mjumbe asiyejua kompyuta ukimsomea anaelewa.

Desemba 2020 Microsoft walitangaza kitu kikubwa zaidi: LAMBDA, yaani unatengeneza fanksheni yako mwenyewe bila kujua lugha nyingine yoyote. Unaandika =LAMBDA(hisa,jumla,faida,hisa/jumla*faida), unaipa jina GAWIO, halafu kila mahali unaandika =GAWIO(B2,JUMLA_HISA,FAIDA). Kanuni ya kikundi inakaa sehemu moja. Ukirekebisha pale, imerekebishika kote. Excel za zamani hazina, ila Google Sheets inayo tangu 2022 na ni bure.

Wazo langu ni kwamba programu isingoje mtu ajue. Ikiona seli moja inatumiwa na fomula 27, iulize yenyewe: "Hii tuiite nani?"

WAZO LA 3: JIBU LIJIELEZE LIMETOKA WAPI

Hili ndo nalipenda kuliko yote. Kumbukeni mashine ya kusaga: jibu linategemea kilichoingia tu. Maana yake kompyuta inaweza kukuonyesha njia nzima ya jibu lolote, mpaka namba ya kwanza iliyoandikwa na mkono wa mtu. Kwenye programu za kusonga ugali hilo ni gumu, maana sufuria imeshabadilika mara kumi.

Excel ina kidogo ya hiyo ila imefichwa. Menyu ya Formulas kuna Trace Precedents, inachora mishale kutoka seli zinazolisha fomula. Kuna Evaluate Formula, inapiga hesabu hatua moja moja mbele ya macho yako. Kuna na hii ambayo wengi hawaijui: ingia ndani ya fomula, chagua kipande chake kwa kipanya, bonyeza F9, kile kipande kinageuka kuwa jibu lake. Ukimaliza bonyeza Esc, usibonyeze Enter, la sivyo namba itabaki pale moja kwa moja na fomula itakuwa imekufa.

Lakini hizo zote ni za aliyekaa mbele ya kompyuta. Wanachama 27 wamekaa kwenye mabenchi nje, kompyuta hawaioni. Mimi nataka kitufe kimoja: ukikibonyeza juu ya gawio la mtu kinatoa sentensi, "Hisa zako ni 50. Hisa za wote ni 600. Faida ni 1,500,000. Gawio lako ni 50 gawanya kwa 600 mara 1,500,000, sawa na shilingi 125,000." Unaprinti, kila mtu anapewa kikaratasi chake. Huku kwetu wazee wengine lugha yao ni Kiiraqw au Kibarbaig, sentensi kama hiyo kijana anaitafsiri papo hapo. Mishale ya Excel utaitafsirije?

Na angalieni ajabu yake. Ile karatasi yenye kosa ingesomeka "hisa za wote ni 500". Mwanachama mmoja mwenye kumbukumbu angenyanyuka: "Mbona wiki iliyopita mlisema 600?" Kosa limekamatwa kabla hata shilingi haijatoka.

WAZO LA 4: KITUFE CHA KUPIMA

Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walitengeneza zana ya Haskell inaitwa QuickCheck. Wewe unaandika sheria ambayo lazima iwe kweli siku zote, zana inatunga mifano mia moja ya kubahatisha na kuijaribu. Ukiwa na kosa inakuletea mfano uliokuangusha. Kule Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, Margaret Burnett na wenzake nao walijaribu wazo la namna hiyo kwenye lahajedwali: mpaka wa seli unabadilika rangi kadiri unavyoipima.

Kikundi chetu kina sheria moja rahisi: magawio yote yakijumlishwa yawe sawa na faida. Mpaka mtu atutengenezee kitufe, tumieni hii. Nenda E3 uandike:

=IF(ABS(SUM(C:C)-E2)<1,"SAWA","KUNA KOSA")

C:C maana yake kolamu nzima, hata wakiongezeka wanachama kumi. Ile "<1" ni ya kusamehe visenti vya kugawanya. Hakikisha tu huna jumla nyingine ndani ya kolamu C. Kwenye mfano wetu E3 ingepiga kelele siku ileile wanachama wapya walipoingia, miezi kabla ya mgao. Na E1 yenyewe ibadilisheni iwe =SUM(B:B), tatizo linaisha kwenye mzizi.

Wazo langu hapa: programu ikuulize ukiwa unaanza faili, "Kitu gani lazima kiwe kweli siku zote?" Ukijibu, ilinde mwaka mzima.

WAZO LA 5: NANI KABADILISHA, NA BILA BANDO

Waandishi wa programu wanatunza kila toleo la kazi yao, wanaona mstari gani umebadilika na nani kaubadilisha. Google Sheets inaonyesha historia, lakini historia hiyo inataka intaneti. Faili letu linasafiri kwa flashi na WhatsApp, likirudi linaitwa "kikundi mpya final 2", na hakuna anayejua kilichobadilika. Faili za .xlsx zimebanwa kama zip, kwa hiyo zana za kawaida za kulinganisha maandishi hazioni ndani.

Kinahitajika kitu chepesi kwenye simu: unakipa mafaili mawili, kinakuambia kwa Kiswahili, "E1 ilikuwa inafika B26, sasa inafika B28." Kisitake bando. Fomula ni maandishi mafupi tu, kuyalinganisha hakuhitaji kompyuta kubwa.

MANENO YA MWISHO

Wataalamu wa nje wanaboresha zana kwa ajili ya mtu anayeandika programu. Mimi nasema waongeze na yule ambaye pesa zake zinahesabiwa, hata kama hajawahi kushika kipanya. Lugha hizi zina bahati kwamba kila jibu lina njia inayoonekana. Ni uzembe kuificha kwenye menyu ya Kiingereza.

Vijana mnaosoma IT vyuoni, hizi ni projekti za mwaka wa mwisho kabisa, tena wazo la 1 na la 5 mnaweza kuanzia kwenye LibreOffice ambayo ni huria na programu yake iko wazi. Toleo la 24.8 la Agosti 2024 limeshaongezewa LET, ya kutaja majina ndani ya fomula. Kwa wengine wote, kazi ya leo ni dakika tano: fungua faili la kikundi chako, peleleza ile SUM inaishia mstari wa ngapi, halafu weka ile seli ya SAWA / KUNA KOSA.

Mwenye wazo la sita aliandike hapo chini, na mwenye neno zuri la Kiswahili la #REF! asiwe mchoyo. Mimi napendekeza "SELI IMEFUTWA!". Nawasilisha.